Naftali Temu: Dhahabu ya kwanza na ukoo wa wakimbiaji wa Gusii

Mkenya akiulizwa leo wanariadha wa nchi hii hutoka wapi, atanyosha kidole kuelekea Eldoret, Iten au Kapsabet. Hatakuwa amekosea sana. Hata hivyo, nishani ya kwanza ya dhahabu ambayo taifa hili lilitwaa katika Michezo ya Olimpiki haikutoka huko. Ilitoka katika milima ya Gusii, na aliyeileta ni askari wa miaka 23, marehemu Naftali Temu.

Simulizi za wanamichezo wetu mara nyingi huanzia nyumbani kwa wazazi. Katika kriketi, ni shida kuitaja timu ya taifa ya miaka ya 1990 na ile iliyofika nusu fainali ya Kombe la Dunia mwaka 2003 bila kutaja familia: akina Tikolo, yaani Tom, David na Steve, akina Odumbe, Edward na Maurice, akina Suji, Martin na Tony, na akina Obuya watatu, Kennedy, David na Collins. Katika riadha, David Rudisha, bingwa wa Olimpiki wa mita 800 mwaka 2012 na 2016, ni mwana wa Daniel Rudisha, aliyeshinda nishani ya fedha katika mbio za kupokezana vijiti mwaka 1968. Mtu akisikia hayo huridhika na kusema kwamba ni damu.

Ukoo wa Temu katika riadha ulikuwa wa namna nyingine. Waliomtangulia hawakuwa baba wala ndugu zake wa tumbo moja, bali wanaume wa kabila lake waliotoka katika vilima hivyo hivyo, wakaenda kushindana ng'ambo wakati ambapo Kenya haikuwa na bendera yake yenyewe. Bila kuwajua hao, ushindi wa Temu utaonekana kama radi iliyopiga mchana wa jua.

Anayetoka mjini Kisii na kupanda kuelekea Keumbu na Birongo, kisha akaendelea mpaka Keroka na kugeukia Nyamira, hupita katika nchi isiyo na tambarare. Migomba, majani chai na mahindi vimeng'ang'ania miteremko, na njia za miguu hushuka mtoni na kupanda tena. Ni kawaida kusema kwamba milima hiyo ndiyo iliyowafunza Abagusii kukimbia. Mwandishi huyu hana haraka ya kukubali. Milima ilikuwapo karne nyingi kabla ya mwanariadha yeyote kutajwa, na ingali ipo leo ambapo majina ya wakimbiaji kutoka Gusii yamepungua mno katika timu ya taifa. Lazima kulikuwa na kitu kingine.

Kitu hicho kilianza na mtu mmoja, Nyandika Maiyoro. Chama cha riadha cha Kenya kiliundwa mwaka 1951, na mashindano ya shule, ya wilaya na ya mikoa yakawa ngazi ambayo kijana wa kijijini angeweza kuipanda. Mwaka 1953 Maiyoro alipelekwa Antananarivo, Madagascar, kushiriki mbio za mita 3,000. Bastola ililia kabla hajawa tayari, na wenzake wakatangulia kwa umbali ambao ungemkatisha tamaa mtu mwingine yeyote. Maiyoro aliwafuata, akawafikia, akawapita na kushinda. Kisa hicho kimesimuliwa Gusii kwa miaka zaidi ya sabini.

Mwaka uliofuata, Maiyoro alimaliza wa nne katika maili tatu kwenye michezo ya nchi zilizotawaliwa na Uingereza, iliyofanyika Vancouver, Kanada. Kenya iliposhiriki Olimpiki kwa mara ya kwanza, mjini Melbourne mwaka 1956, alikuwa wa saba katika mita 5,000. Mjini Roma, mwaka 1960, alipanda hadi nafasi ya sita. Kati ya michezo hiyo miwili, Mgusii mwingine, Arere Anentia, alitwaa nishani ya shaba katika maili sita mjini Cardiff mwaka 1958.

Vijana wa leo hawazijali sana nafasi ya sita na ya saba. Lakini fikiria mvulana wa Gusii mwaka 1960. Anasikia kwamba mtu anayezungumza Ekegusii kama yeye, aliyekua akichunga ng'ombe kama yeye, amewaacha nyuma Wazungu wengi mbele ya ulimwengu mzima. Kwa mvulana huyo, mbio si ndoto tena, ni njia ambayo tayari imekanyagwa. Temu, aliyezaliwa tarehe 20 Aprili 1945, alikuwa na umri wa miaka 15 wakati huo.

Alipokuwa kijana alijiunga na jeshi, na jeshi likawa nyumba yake ya pili. Hilo nalo halikuwa jambo dogo. Katika miaka ya kwanza ya uhuru, jeshi, polisi na magereza ndizo taasisi zilizompa mkimbiaji chakula cha uhakika, mshahara, muda wa mazoezi na wenzake wa kushindana nao kila asubuhi. Mkulima wa ekari mbili hangeweza kujipatia hayo.

Safari yake ya kwanza kubwa haikuwa ya kujivunia. Katika Olimpiki ya Tokyo mwaka 1964, akiwa na miaka 19, alikimbia marathoni na kumaliza katika nafasi ya 49. Sifa za Wakenya mwaka huo zilimwendea Wilson Kiprugut, aliyeshinda shaba katika mita 800, nishani ya kwanza ya nchi hii katika Olimpiki. Mwaka 1965, katika michezo ya kwanza ya Afrika mjini Brazzaville, Temu alipata fedha katika mita 5,000, nyuma ya Kipchoge Keino. Kuanzia hapo hadi mwisho, jina la Keino lingekuwa karibu na lake daima, na mara nyingi likililemea.

Agosti 1966 ndipo ulimwengu ulipomtambua. Michezo ya Jumuiya ya Madola ilifanyika Kingston, Jamaika, na katika maili sita alikuwapo Ron Clarke wa Australia. Clarke ndiye aliyekuwa mfalme wa mbio ndefu. Mwaka uliotangulia alikuwa mtu wa kwanza kukimbia mita 10,000 chini ya dakika 28, kwa rekodi ya dunia ya dakika 27 na sekunde 39.4. Temu alimshinda kwa karibu sekunde 25. Katika mbio za kiwango hicho, hilo ni pengo la kumwaibisha bingwa. Katika michezo hiyo hiyo Keino alishinda maili moja na maili tatu.

Msomaji aweke Kingston akilini, kwa sababu miaka miwili baadaye palizuka hoja ambayo haijafa hadi leo. Olimpiki ya 1968 ilifanyika Mexico City, mji ulio takriban mita 2,240 juu ya usawa wa bahari. Hewa yake ni nyepesi, na wanariadha waliokulia nchi za chini waliteseka vibaya katika mbio ndefu. Wengi walisema, na wangali wanasema, kwamba Waafrika walishinda kwa sababu ya mwinuko. Kingston iko kando ya bahari, tena yenye joto. Huko nako Clarke alishindwa na Temu yuleyule.

Fainali ya mita 10,000 ilikimbiwa tarehe 13 Oktoba 1968. Mwendo ulikuwa wa pole kwa sababu ya hewa, kisha ukaanza kuongezeka na kuwachuja watu mmoja mmoja. Keino, ambaye alikuwa akisumbuliwa na ugonjwa wa nyongo, alizidiwa na maumivu ya tumbo mizunguko michache kabla ya mwisho na kutoka nje ya njia. Clarke alijikokota hadi nafasi ya sita, akaanguka na kupewa oksijeni.

Mbele walibaki watatu: Temu, Mamo Wolde wa Ethiopia na Mohammed Gammoudi wa Tunisia. Katika mzunguko wa mwisho, Wolde alichomoka, na kwa muda ilionekana kwamba dhahabu ilikuwa inakwenda Addis Ababa. Temu hakumwachia. Alimkaribia katika kona ya mwisho, na ikiwa imesalia takriban mita 50 alimpita. Muda wake ulikuwa dakika 29 na sekunde 27.4. Wolde alimaliza sekunde 0.6 nyuma yake, Gammoudi akawa wa tatu. Ulikuwa muda wa taratibu kuliko rekodi ya Clarke kwa karibu dakika mbili, na si kitu: dhahabu haipimwi kwa saa.

Hakupumzika. Tarehe 17 alirudi uwanjani kwa fainali ya mita 5,000, safari hii Gammoudi akashinda, Keino akawa wa pili na Temu akatwaa shaba. Tarehe 20 akakimbia marathoni na kumaliza wa 19, siku ambayo Wolde alijifuta machozi kwa kushinda mbio hizo. Ndani ya siku nane, Temu alikuwa amekimbia mbio tatu ambazo leo kila moja ina mabingwa wake wanaojitayarisha kwa miaka minne.

Siku hiyo hiyo ya tarehe 20, Keino aliwashinda wote katika mita 1,500, akiwa bado mgonjwa. Ushindi huo ulikuwa mkubwa na wa kusisimua, na Keino alistahili kila sifa. Lakini ndio pia uliomfunika Temu. Ukiwauliza watu wengi nani aliyeileta dhahabu ya kwanza ya Olimpiki, watamtaja Keino. Dhahabu ya Temu ilitangulia kwa wiki nzima.

Ukoo wa Gusii haukuishia kwake. Katika timu ya kupokezana vijiti mita 400 mara nne iliyotwaa fedha pale Mexico, pamoja na Daniel Rudisha na Naftali Bon, walikuwamo Charles Asati na Hezekiah Nyamau, wote wawili wa Gusii. Mjini Munich mwaka 1972 timu hiyo ilishinda dhahabu, na kati ya wakimbiaji wanne, watatu walikuwa Abagusii: Asati, Nyamau na Robert Ouko, wa nne alikuwa Julius Sang. Kwa hiyo kutoka 1953 hadi 1972, kila kizazi kiliacha mtu wa kutazamwa na kizazi kilichofuata. Hiyo ndiyo maana ya ukoo ninayoikusudia, na hauhitaji damu moja.

Kwa Temu mwenyewe, Munich ulikuwa mwisho. Aliingia mita 10,000 akiwa bingwa mtetezi na hakuvuka mchujo. Mwaka 1973 akastaafu. Serikali ilimzawadia shamba la hekta 23 huko Mugirango Kaskazini, katika Nyamira ya leo, naye akarudi kuwa mkulima. Ilikuwa enzi ya riadha ya ridhaa: mshindi alirudi na nishani, akapewa mkono na viongozi, akarejea kambini. Hapakuwa na marathoni za kulipwa mamilioni wala kampuni za viatu za kugombania saini yake. Shamba lile, kwa vipimo vya wakati ule, lilikuwa shukrani kubwa kuliko waliyopata wengi.

Mwaka 1991 Mgusii mwingine, Yobes Ondieki, akawa bingwa wa dunia wa mita 5,000 mjini Tokyo, mji ule ule ambako Temu alikuwa amemaliza wa 49. Tarehe 10 Julai 1993, mjini Oslo, Ondieki akawa mtu wa kwanza duniani kukimbia mita 10,000 chini ya dakika 27, kwa muda wa dakika 26 na sekunde 58.38. Miaka 25 baada ya Mexico, umbali wa Temu ulikuwa umerudi mikononi mwa mtu wa Gusii. Mwaka 1997 Lameck Aguta, naye wa Gusii, akashinda marathoni ya Boston. Baada ya hapo mnyororo ulilegea. Wenye vipaji wanaendelea kuzaliwa, lakini kambi, mawakala na makocha walikuwa wamekwisha kujikita Bonde la Ufa, na mvulana wa Nyamira au Birongo hakuwa tena na jirani wa kumwigiza.

Tangu 1968 mpaka Olimpiki ya Paris mwaka 2024, Wakenya wamepata fedha na shaba katika mita 10,000 za wanaume, akiwamo Paul Tergat aliyeshindwa mara mbili na Haile Gebrselassie wa Ethiopia. Hakuna mwanamume Mkenya mwingine aliyetwaa dhahabu katika mbio hizo.

Temu alifariki dunia tarehe 10 Machi 2003 katika Hospitali Kuu ya Kenyatta, Nairobi, kutokana na saratani ya tezi kibofu. Alikuwa na umri wa miaka 57. Mamo Wolde, aliyepitwa zikiwa zimesalia mita 50, alikuwa amefariki mjini Addis Ababa mwezi Mei 2002, chini ya mwaka mmoja kabla yake.