Jean Purdy: Nesi Ambaye Jina Lake Liliachwa Nje ya Kibao

Kwetu Mbuba, kama ilivyo sehemu nyingi za Ngara, mwanamke akishazaa jina lake linapumzika. Anakuwa Mama Fulani. Asiyejaliwa mtoto anabaki na jina lile lile la utotoni, na namna watu wanavyolitaja unajua kabisa kuna jambo wanalisema pembeni.

Siku hizi tunasikia kwamba mwanamke anaweza kumbebea mwenzake mimba, mtoto akiwa ametokana na yai la huyo mwenzake. Ukilianzisha jambo hilo bwenini, mjadala hauishi hadi usiku wa manane: dini, mila, hela. Sawa, tujadili. Ila tumjue pia mtu mmoja aliyeifungua njia hiyo, maana naye alikosa kutajwa.

Jean Marian Purdy alizaliwa tarehe 25 Aprili 1945 katika mji wa Cambridge, Uingereza. Hakuwa profesa wala daktari. Alisomea unesi katika hospitali ya Addenbrooke's mjini humo, na mwaka 1968, akiwa na miaka 23 tu, umri wa wengi wetu hapa, aliajiriwa kuwa msaidizi wa maabara wa mwanasayansi Robert Edwards. Edwards alikuwa akitafuta namna ya kurutubisha yai la mwanamke nje ya mwili. Daktari aliyeweza kuyatoa mayai hayo bila upasuaji mkubwa, Patrick Steptoe, alikuwa Oldham, zaidi ya kilomita 250 kutoka Cambridge. Basi kwa miaka kadhaa Edwards na Jean walikuwa watu wa barabarani, wakienda na kurudi.

Kazi ilikuwa ngumu. Mwaka 1971 baraza la utafiti wa tiba la Uingereza liliwanyima fedha. Viongozi wa dini na wanasayansi wenzao waliwashambulia. Kati ya 1969 na 1978 wanawake 282 walijitolea kwa majaribio hayo Oldham, na waliopata watoto ni wawili tu. Hebu fikiria hao 280 waliorudi nyumbani mikono mitupu. Jean ndiye aliyekaa nao, akawasikiliza, akaandika kumbukumbu za mayai yao, kisha akarudi maabara kuandaa vifaa. Mama yake alipougua, Jean alikwenda kumuuguza, na kazi yote ikasimama mpaka aliporudi. Hapo ndipo unajua nani alikuwa nguzo.

Novemba 1977 Steptoe alitoa yai moja la Lesley Brown, mwanamke ambaye mirija yake ya uzazi ilikuwa imeziba. Edwards akalirutubisha. Aliyekuwa kwenye hadubini, wa kwanza kuona kiinitete kile kikigawanyika na kuendelea kukua, ni Jean. Kilipofika seli nane kikapandikizwa. Tarehe 25 Julai 1978 akazaliwa Louise Brown, mtoto wa kwanza duniani kupatikana kwa njia hiyo.

Lesley alipokea kiinitete kwa kufuata mzunguko wake mwenyewe wa mwezi. Walichofanya ni kupima homoni kwenye mkojo wake, hata usiku, ili wasikose saa ya kuchukua yai. Leo mambo yamebadilika kidogo. Mwanamke anayejiandaa kubeba mimba kwa niaba ya mwingine mara nyingi hupewa kwanza homoni ya estrojeni, kama wiki mbili hivi, ili ukuta wa mji wa mimba unenepe. Daktari anautazama kwa ultrasaundi. Ukifaa, anaongezewa projesteroni ili ukuta uwe tayari kupokea, na siku ya kupandikiza inahesabiwa kutoka hapo. Kiinitete huingizwa kwa mrija mwembamba kupitia mlango wa kizazi. Ni dakika chache, na kwa kawaida hakuna nusu kaputi. Kinachotesa ni kusubiri: kama wiki mbili kabla ya kipimo. Na siku zile kabla ya kupandikiza, kiinitete kinapokuwa bado maabara, yupo mtu anayekiangalia kwenye hadubini. Kiti hicho ndicho alichokalia Jean.

Mwaka 1980 watatu hao walifungua kliniki ya Bourn Hall karibu na Cambridge. Jengo lenyewe alilitafuta Jean. Lakini Oldham ilipopanga kuweka kibao cha kumbukumbu, jina lake halikuwamo. Mwaka 1981 Edwards aliandika kupinga, akaeleza kwamba mchango wa Jean ulikuwa sawa na wa kwake. Hakusikilizwa. Kibao kikataja wanaume wawili.

Jean alifariki tarehe 16 Machi 1985 kwa saratani ya ngozi, hajafika hata miaka 40. Mwaka huo huo madaktari wa Cleveland, Marekani, waliripoti mimba ya kwanza iliyobebwa na mwanamke kwa niaba ya mwingine baada ya yai kurutubishwa maabara. Teknolojia ikafika kwetu pia: Uganda ilipata mtoto wake wa kwanza wa njia ya maabara mwaka 2004, Kenya mwaka 2006. Mwaka 2010 Edwards akapewa Tuzo ya Nobel, ambayo marehemu hapewi; Steptoe na Jean walikuwa wameshatangulia. Ni mwaka 2015 tu ndipo kibao kipya pale Bourn Hall kilipoyabeba majina yote matatu.

Ndugu zangu wa kitivo cha elimu, wengi wetu tutaishia mbele ya ubao tukifundisha mada ya uzazi. Vitabu vingi vitakupa majina mawili. Andika matatu. Nyuma ya darasa anaweza kuwa amekaa binti anayetaka kuwa nesi, akidhani kwamba sayansi ni ya wengine.