Anuarite wa Wamba na Kaburi Lake la Isiro

Askari aliyepata kushika zamu Nakivale, wilayani Isingiro, au kupita jioni katika mtaa wa Nyamityobora mjini Mbarara, hakosi kusikia Kiswahili cha Kongo. Miongoni mwa wakimbizi wa nchi hiyo wamo Wakatoliki wengi, na kwao jina la Anuarite si geni. Linastahili kuelezwa katika ukurasa huu wa wanajeshi na polisi, kwa kuwa kifo chake kilitokana na watu waliobeba silaha na kuvaa vyeo.

Alizaliwa Wamba, kaskazini-mashariki mwa Kongo, tarehe 29 Desemba 1939, katika kabila la Wabudu. Baba yake, Amisi, alikuwa askari wa jeshi la wakoloni wa Kibelgiji. Nyumba yao ilikuwa ya mabinti watupu, na baadaye baba akamwacha mama kwa kukosa mtoto wa kiume. Jina la binti huyu hasa lilikuwa Nengapeta. Shuleni aliandikishwa kimakosa kwa jina la dada yake, Anuarite, ambalo katika lugha yao ni mtu aichekaye vita. Jina hilo la kuazima ndilo lililodumu.

Mwaka 1959, huko Bafwabaka, aliweka nadhiri katika shirika la watawa wa Familia Takatifu, akaitwa Marie-Clémentine. Alifundisha watoto, akapika, akatunza vyombo vya kanisa. Hapakuwa na sifa kubwa katika maisha hayo, na huenda asingejulikana nje ya Wamba kama si vita.

Agosti 1964 waasi wa Simba waliteka Stanleyville, yaani Kisangani ya leo. Tarehe 24 Novemba makomando wa Kibelgiji walitua mjini humo kwa miavuli, na siku mbili baadaye wakatua Paulis, ndiyo Isiro. Walipoondoka, Simba walibaki na hasira na hofu, na nidhamu yao, ambayo tangu awali ilikuwa haba, ikavunjika kabisa.

Tarehe 29 Novemba lori la Simba lilifika Bafwabaka. Watawa waliambiwa kwamba wanapelekwa Wamba kwa usalama wao. Njiani safari ikageuzwa kuelekea Isiro. Usiku wa kuamkia Desemba mosi, Kanali Ngalo alimtaka Anuarite awe mke wake. Akakataa, na mkuu wa watawa akamtetea bila kujali vitisho. Kanali mwingine, Olombe, aliyepewa kazi ya kumshawishi, naye akamtaka kwa nafsi yake. Alimlazimisha kuingia garini pamoja na mtawa mwenzake. Walipojaribu kutoroka akawapiga vibaya, hata mwenzake akavunjika mkono. Anuarite alimjibu kwamba ni heri kufa kuliko kutenda dhambi hiyo, na kwamba anamsamehe kwa kuwa hajui atendalo. Olombe akawaita vijana wake wamchome kwa visu vya bunduki, kisha yeye mwenyewe akampiga risasi. Alikuwa na umri wa miaka 24.

Hapo hapakuwa na mapigano wala amri ya vita. Palikuwa na tamaa ya mtu mmoja mwenye cheo, na vijana waliomtii bila kuuliza.

Alizikwa kwanza katika kaburi la pamoja. Baada ya miezi kadhaa mwili ukafukuliwa na kuzikwa katika makaburi ya mji, na hatimaye masalia yake yakahamishiwa katika kanisa kuu la Isiro, ambako mahujaji humzuru. Tarehe 15 Agosti 1985, mjini Kinshasa, Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza mwenye heri, wa kwanza miongoni mwa wanawake wa Kibantu. Katika mahubiri ya siku hiyo Papa alitangaza pia msamaha kwa aliyemwua. Olombe alikuwa angali hai. Sikukuu ya Anuarite huadhimishwa kila tarehe 1 Desemba.