Dk Williamson, mzungu aliyeianzisha Mwadui

Oktoba 2019 Simba ilitua Kambarage, Shinyanga, ikiwa haijapoteza mechi ya ligi msimu ule. Ikaondoka na kichapo cha 1-0 kutoka kwa Mwadui. Vijiweni walitajwa wachezaji na kocha, hakuna aliyemtaja John Thoburn Williamson. Lakini bila yeye pale pengine pangebaki pori tu, na timu ya kuifunga Simba isingekuwepo.

Alizaliwa 1907 jimbo la Quebec, Canada, akasoma jiolojia Chuo Kikuu cha McGill mpaka udaktari. Afrika alikuja kama mwajiriwa wa kampuni za madini. Kampuni aliyokuwa nayo Tanganyika ilipokata tamaa na almasi ya Mabuki, jamaa aligoma kufungasha. Akauchukua mgodi ule uliochoka, akawa anazunguka vichakani huku madeni yakimwandama. Mwanasheria I.C. Chopra akamshika mkono, la sivyo angekwama. Kwa lugha ya uwanjani, yuko nyuma mabao mawili na mwamuzi anatazama saa.

Machi 1940 akasawazisha na kuongeza. Mwamba wa almasi wa Mwadui una ukubwa wa hekta 146. Panga hapo viwanja vya mpira, vitaingia zaidi ya 200! De Beers, waliozoea kupanga bei ya almasi duniani, wakakuta huyu hapangiwi kirahisi: aliwahi kuyazuia mawe yake akidai malipo bora. Mwaka 1947 likapatikana jiwe la waridi la karati 54.5, naye akampa Elizabeth, binti mfalme wa Uingereza, aliyefunga ndoa mwaka huohuo. Yeye mwenyewe hakuoa.

Fedha nyingine aliimwaga palepale. Nyumba, hospitali, shule, umeme, mji mzima ndani ya uzio wenye walinzi.

Januari 1958 kansa ya koo ikamuua, akiwa na miaka 50. Mwaka huohuo mgodi ukauzwa, nusu De Beers, nusu serikali ya Tanganyika.

Timu iliyopanda Ligi Kuu 2015 ikiwa na Jamhuri Kihwelo 'Julio' ilikuwa ya mgodi huo, na uwanja wake, Mwadui Complex, ni wa hukohuko. Raha yake ni kwamba mshahara una uhakika almasi ikiuzika. Ubaya wake ulionekana Aprili 2020, corona ilipoporomosha soko la almasi na mgodi ukasimamisha uchimbaji. Msimu uliofuata, 2020/21, Mwadui ikaburuza mkia na kushuka daraja.

Mgodi ulirudi kazini 2021. Timu nayo mwaka huo ikaanza upya, ligi ya chini.