Bibi Lancefield, aliyevitenga viini kwa koo zake

Yeyote aliyepata kukaa Malaba anaijua safu ya malori. Mwaka 1986 nilikuwa huko, kijana wa Mombasa niliyeajiriwa kuwa karani wa kupitisha mizigo forodhani. Lori huwa limefunikwa turubai, kwa nje halionyeshi kitu, na pengine dereva mwenyewe hajui barabara alichopakiliwa. Kazi yetu ilikuwa kufungua, kutazama, kutenga na kuandika.

Mwaka huo huo mke wangu alijifungua mtoto wetu wa kwanza katika zahanati moja ya huko mpakani. Mtoto alizaliwa mzima, akalia, nami nikamwadhinia. Usiku akaanza kuhema kwa taabu, akakataa titi, mwili ukapoa. Siku ya pili, kabla ya alasiri, Mola akamchukua. Tulimzika ugenini.

Juu ya msiba ule ukaja mwingine. Baadhi ya wanawake waliokuja matangani walinong'ona kwamba mama hakujitunza, kwamba hakuwa msafi. Wengine wakataja kijicho. Mke wangu hakujibu neno. Aliyameza yale kwa zaidi ya miaka thelathini.

Mwaka 2019 nilirudi tena upande ule, safari hii Busia, alikoolewa binti yetu. Alikuwa mja mzito wa miezi minane na daktari wake alitaka apimwe maabara. Fundi wa maabara alikuwa mtu mkunjufu. Alinionyesha kisahani chekundu kilichotiwa damu, na juu yake viini vimeota mfano wa vitone vya umande. Akanieleza kuwa viini hivi, viitwavyo streptokoki, si vya namna moja, nao huvitenga kwa makundi ya Lancefield. Nilidhani Lancefield ni jina la dawa au la mji. Kumbe ni jina la bibi mmoja, na maisha yake ndiyo niliyoyatafuta na kuyasoma tangu siku ile.

Rebecca Craighill alizaliwa tarehe 5 Januari 1895 katika ngome ya Fort Wadsworth, kisiwani Staten Island, New York. Baba yake alikuwa afisa wa jeshi. Alipoingia chuo cha Wellesley alianza kusoma Kifaransa na Kiingereza, lakini akavutiwa na masomo ya viumbe aliyokuwa akisoma mwenziwe wa chumbani, akabadili. Alihitimu mwaka 1916, akafundisha kwa muda katika shule ya wasichana, kisha akaingia Chuo Kikuu cha Columbia. Mwaka 1918 aliolewa na Donald Lancefield, naye pia mwanasayansi, na mwaka huo huo akapata kazi ya ufundi katika taasisi ya Rockefeller mjini New York, chini ya Oswald Avery na Alphonse Dochez.

Wakati ule askari wa Marekani waliokuwa kambini walikuwa wakifa kwa maradhi ya streptokoki. Viini vilivyotolewa kwao vililetwa New York, na swali likawa: je, ni kiini kimoja au ni vingi vinavyofanana sura? Ukivitazama kwa darubini vyote ni vitufe vilivyoungana mfano wa tasbihi. Bibi Lancefield na wakubwa wake walionyesha kwamba vinatofautiana. Baadaye alirudi Rockefeller kuchunguza homa ya baridi yabisi inayoharibu moyo, na mwaka 1925 akapata shahada ya udaktari wa falsafa.

Kazi iliyomjengea jina aliitangaza mwaka 1933. Njia yake ilikuwa hivi. Aliwadunga sungura viini vilivyokwisha kuuliwa, ili damu yao itengeneze kinga ya kupambana navyo. Kisha akachukua maji ya damu ile yenye kinga. Viini alivyotaka kuvijua alivichemsha katika tindikali, akapata maji yenye utomvu wa ganda lao. Maji haya mawili yakikutana katika kichupa chembamba, kama ni ya ukoo mmoja, hujitokeza ukungu mweupe. Kama si ya ukoo mmoja, hubaki meupe kama maji ya mvua. Kwa ukungu huo akavigawa viini katika makundi, akayaita kwa herufi A, B, C na kuendelea. Viini vya kundi A vilitoka zaidi kwa wagonjwa, na vya kundi B vilitoka kwa ng'ombe, katika maziwa.

Lililonigusa mimi zaidi ni kazi ya mwaka 1935. Pamoja na daktari Mwingereza, Ronald Hare, Bibi Lancefield alipima viini vilivyotolewa kwa wanawake waliojifungua. Enzi hizo homa ya uzazi ilikuwa ikiwaua wazazi wengi, na dawa zake hazijapatikana. Waliona kwamba waliougua vibaya karibu wote walikuwa na kundi A. Lakini wako waliokuwa na streptokoki za makundi mengine, B likiwamo, nao walikuwa wazima wa afya. Hapo ndipo ilipodhihirika kuwa mwanamke aweza kubeba kiini na asiugue wala asijue. Ni mbebaji tu, mfano wa dereva wangu wa Malaba.

Hata hivyo hadithi ya kundi B haikuishia hapo. Mwaka 1938 ilitangazwa kutoka London kwamba kundi hilo nalo limeua wazazi. Na kuanzia miaka ya 1960 na 1970 madaktari wakazidi kulikuta kwa watoto wachanga waliougua katika siku za mwanzo za maisha, wakihema kwa shida, damu imeingia sumu, au wameshikwa na homa ya uti wa mgongo. Kiini hukaa tumboni na katika njia ya uzazi ya mama, na mtoto hukipata wakati wa kuzaliwa. Bibi Lancefield, ambaye sasa alikuwa mkongwe, alikuwa bado maabarani. Aliyeanza kuwa fundi mwaka 1918 alifanywa profesa mwaka 1958, miaka arobaini baadaye. Alikuwa amehifadhi aina zaidi ya 6,000 za viini, na aliendelea na kazi mpaka alipovunjika nyonga mwaka 1980. Alifariki tarehe 3 Machi 1981, akiwa na umri wa miaka 86.

Matunda ya kazi yake ni kipimo alichofanyiwa binti yangu. Mimba inapokaribia kutimia, huchukuliwa ute kwa kijiti cha pamba, na viini huoteshwa na kutambuliwa kundi. Mama akiwa mbebaji, hadungwi dawa siku ile, kwa sababu viini vyaweza kurudi. Hungojwa uchungu uanze, ndipo atiwe penisilini mshipani, ikiwezekana saa nne au zaidi kabla ya kuzaa. Marekani imeshauri tangu mwaka 2002 kwamba kila mja mzito apimwe hivyo. Kwetu jambo hili bado si la kawaida katika kliniki nyingi, wala msidhani ni maradhi ya ughaibuni. Watafiti wa Kilifi walitangaza mwaka 2016 kwamba waliwapima waja wazito karibu 8,000 wa pwani yetu, wakakuta kiasi cha 12 katika kila 100 wana kundi B. Walikikuta kiini hicho hata kwa watoto waliozaliwa wafu.

Ndugu msomaji, kuwa na kiini hiki si uchafu, wala hakumwondolei mtu tahara yake. Mama aogaye kutwa mara tatu aweza kuwa nacho. Kwa hiyo kina mama na wamuulize daktari, na waume wasione haya kuwasindikiza.

Binti yangu alikutwa ni mbebaji. Alipoanza uchungu alitiwa dawa, na mjukuu wangu leo anasoma chuoni. Siwezi kusema kwamba kiini hiki ndicho kilichomwua mwanangu wa kwanza. Hakuna aliyempima, na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye. Lakini niliporudi Mombasa nilikaa na mke wangu ukumbini, nikamsimulia habari za sungura, za ukungu kichupani, na za wale wanawake wazima wa mwaka 1935 waliobeba wasichokijua. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu matanga yale, akalitaja jina la mtoto wetu.