Bwana Harvey na Moyo wa Mtoto Aliye Tumboni

Siku moja mwalimu wetu alipasua moyo wa mbuzi mbele ya darasa, akatuonyesha kovu dogo katika ukuta utenganishao vyumba viwili vya juu. Hapo palikuwa na tundu kabla mbuzi huyo hajazaliwa. Tangu siku hiyo nilitamani kumjua mtu aliyeieleza kazi ya tundu hilo, na leo nawasimulia habari zake.

William Harvey alizaliwa Folkestone, Uingereza, mwaka 1578. Alisoma Cambridge, kisha Padua katika Italia, akahitimu udaktari mwaka 1602. Baadaye alikuwa daktari wa wafalme James I na Charles I.

Siku hizo madaktari walishika mafundisho ya Galen, kwamba damu hupenya ukuta mnene wa moyo kwa vitundu visivyoonekana. Harvey alipasua wanyama wengi asivione. Mwaka 1628 alitoa kitabu kuonyesha kuwa moyo husukuma damu, nayo huzunguka mwilini bila kukoma.

Humo alieleza pia habari ya mtoto aliye tumboni. Mapafu yake hayajaanza kazi, kwa hiyo damu nyingi huyapita kando: nyingine kwa tundu lile, nyingine kwa mshipa mfupi uungao mshipa wa mapafu na mshipa mkuu. Leo twajua zaidi. Mtoto avutapo pumzi ya kwanza, mapafu hutanuka na damu huingia humo kwa wingi. Irudipo upande wa kushoto wa moyo, husukuma kilango cha tundu kikajifunga. Mshipa ule nao hujikaza, kwa kawaida katika siku chache, na mwishowe huwa kama ugwe tu.

Je, Harvey alipata sifa mara moja? La! Yasemekana wagonjwa wake walipungua, na watu wakamdhania ana wazimu. Mwaka 1642, wakati wa vita, makao yake yaliporwa na maandishi yake mengi yakapotea. Hata hivyo hakukata tamaa, na mwaka 1651 alitoa kitabu kingine juu ya uzazi wa wanyama. Alifariki mwaka 1657, mwenye umri wa miaka 79.

Ndugu zangu, alikubali kupoteza wagonjwa kuliko kuificha kweli aliyoiona kwa macho yake. Nasi tusikariri vitabu tu. Mkipata moyo wa mbuzi, litafuteni kovu lile.