Mwalimu Aliyetaka Watoto Waulize

Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika iko nchi jirani ya Kongo yetu. Leo inaitwa Tanzania. Huko, katika kijiji cha Butiama, alizaliwa Julius Kambarage Nyerere mwaka wa 1922. Baba yake alikuwa chifu wa Wazanaki, mwenye wake wengi. Mama yake, Mugaya, alikuwa mmoja wao. Kambarage alichunga mbuzi kama watoto wengine.

Alipopata miaka 12 alipelekwa shule Musoma. Alisoma kwa bidii, akaenda Tabora, na mwaka wa 1943 akaingia Chuo cha Makerere, Uganda.

Huko alisoma kitabu cha Mwingereza, John Stuart Mill, juu ya hali ya wanawake. Mwanafunzi mwingine angekariri kitabu kwa ajili ya mtihani, basi. Nyerere aliwakumbuka mama zake wa Butiama. Akajiuliza kwa nini walifanya kazi nyingi namna ile, na neno lao halikuhesabiwa. Akaandika insha juu ya hali yao. Kitabu kilitoka mbali, lakini swali lilitoka nyumbani kwao.

Baadaye alifundisha katika shule ya mapadri Tabora, akasoma tena Edinburgh, Uskochi, kisha akafundisha Pugu, karibu na Dar es Salaam. Mwaka wa 1955 ilimpasa kuchagua: ualimu, au kazi ya kudai uhuru. Akaacha ualimu na mshahara wake. Tanganyika ilipata uhuru mwaka wa 1961, naye akawa rais mwaka wa 1962. Hata hivyo watu walimwita Mwalimu mpaka alipokufa mwaka wa 1999.

Mwaka wa 1967 aliandika Elimu ya Kujitegemea. Alitaka shule impe mtoto akili ya kuchunguza, si ya kuitikia tu. Hata katika shamba la shule, wanafunzi wajadiliane na mwalimu: tupande nini? Mbona upande huu umezaa na ule haukuzaa? Mapato tuyatumie namna gani?

Si shule zote zilizofanya hivyo. Mahali pengine watoto walipewa jembe tu, wala hawakuulizwa neno. Amri peke yake haileti maswali. Lazima mwalimu akubali kuulizwa, na mtoto athubutu kuuliza.

Enyi watoto wa Kiwanja, mnaona maharage na mahindi yakistawi katika udongo wa nchi yetu ya volkano. Je, mmeuliza sababu? Ulizeni kwa heshima, msikilizane, kisha mchunguze. Asiyeuliza atalima kama alivyoambiwa, hata kama aliambiwa vibaya.

Maswali

1. Nyerere alijiuliza nini aliposoma kitabu cha Mill?
2. Kwa nini aliacha ualimu?
3. Taja jambo moja la kijiji chako usilolielewa. Jadilianeni darasani.