Grace Hopper na kitabu cha hundi kilichokataa kulingana

MTU mwenye shahada ya uzamivu ya hisabati kushindwa kujua ana fedha kiasi gani benki ni jambo la kushangaza, lakini ndilo lililompata Dk. Grace Hopper alipokuwa mtumishi wa kampuni ya kompyuta ya Eckert-Mauchly mjini Philadelphia, Marekani. Kwa miezi kadhaa salio la kwenye kitabu chake cha hundi lilikataa kulingana na lile la benki. Alirudia hesabu zake, hazikukubali. Mwishowe alimkabidhi mdogo wake wa kiume, ambaye kazi yake ilikuwa ya benki.

Ndugu huyo alitumia jioni kadhaa kabla ya kulibaini tatizo. Dada yake hakukosea kutoa. Alitoa sawasawa, ila kuna mahali alikuwa ametoa kwa hesabu za nane badala ya hesabu za kumi ambazo benki na watu wote hutumia.

Hesabu za nane alizitoa kazini. Alijiunga na kampuni hiyo mwaka 1949, wakati ikikamilisha kompyuta iliyoitwa BINAC. Mashine ya aina hiyo haijui tarakimu kumi. Ndani yake kuna hali mbili tu, nazo huandikwa kwa moja na sifuri, mfumo unaoitwa bainari. Magunia 100 ya mahindi yanakuwa 1100100. Kuisoma namba hiyo, anza na moja ya kushoto, zidisha kwa mbili, jumlisha tarakimu inayofuata, kisha endelea hivyo hivyo hadi mwisho: 1, 3, 6, 12, 25, 50, 100.

Kwa namba moja ni mchezo wa watoto. Kwa kurasa nzima za sifuri na moja ni adhabu. Kwa hiyo wataalamu walizikata tarakimu hizo tatu tatu kuanzia kulia na kuzifupisha, na 1100100 ikawa 144. Hizo ndizo hesabu za nane. Katika kutoa, anayekopa hapa hakopi kumi, anakopa nane. Chukua 50 utoe 27: mwenye duka atapata 23, lakini aliyezoea BINAC ataandika 21. Mtu akishinda anatoa namna hiyo kutwa nzima, si ajabu mkono ukaendelea hivyo hivyo jioni mbele ya kitabu cha hundi.

Kisa hicho Hopper alikisimulia mara nyingi baadaye, na alikuwa na sababu. Kilimfikisha kwenye swali lililoongoza kazi yake iliyobaki: kwa nini binadamu ndiye ahangaike kujifunza hesabu za mashine, wakati kubadilisha namba ni kazi ya kuchosha ya aina ile ile ambayo mashine ilinunuliwa kuifanya?

Alizaliwa Desemba 9, 1906 jijini New York. Alisoma hisabati na fizikia katika Chuo cha Vassar, akapata shahada ya uzamivu Chuo Kikuu cha Yale mwaka 1934, na akafundisha Vassar. Vita Kuu ya Pili ilipopamba moto alitaka kuingia jeshi la majini. Umri ulikuwa umepita na uzito wake haukufikia kiwango, lakini alipata kibali maalumu na kujiunga Desemba 1943. Mwaka uliofuata alipelekwa Chuo Kikuu cha Harvard kwenye mashine ya Mark I, yenye urefu wa zaidi ya mita 15. Hiyo ilihesabu kwa tarakimu kumi za kawaida, ndiyo maana taabu ya kitabu cha hundi ilisubiri hadi BINAC.

Mwaka 1952 alikuwa na programu iliyokusanya vipande vya maagizo na kuvipanga kwa ajili ya mashine, iliyoitwa A-0. Baadaye aliongoza kazi ya FLOW-MATIC, ambayo mtu wa mishahara au wa stoo aliweza kuiandikia kompyuta maagizo kwa maneno ya Kiingereza. Wakubwa wake hawakufurahi haraka. Alipowaonyesha kuwa maagizo yale yale yanaweza kuandikwa kwa Kifaransa na Kijerumani, walishtuka, kwa kuwa kwao kompyuta ya Kimarekani kuelewa Kifaransa lilikuwa jambo lisilowezekana.

FLOW-MATIC ndiyo iliyochangia zaidi lugha ya COBOL, iliyoanza kuandaliwa mwaka 1959. Hopper huitwa mama wa COBOL, sifa iliyozidi kidogo, kwani lugha hiyo iliandikwa na kamati na yeye alikuwa mshauri. Lakini wazo lake limo humo waziwazi. Mwandishi wa programu huchora umbo la namba anavyotaka isomeke: mikato ya maelfu ikae wapi, nukta ya senti wapi, sifuri za mbele zifutwe. Kompyuta hubadilisha yenyewe. Bila hatua hiyo, namba ya bainari ikipelekwa moja kwa moja kwenye mashine ya kuchapa hutoka alama za ajabu, kwa sababu kila kipande chake huchukuliwa kuwa ni herufi.

Watengenezaji wa kompyuta kubwa nao waliliona hitaji hilo. IBM ilipotangaza System/360 mwaka 1964, mashine hizo zilikuwa na agizo moja la kugeuza namba ya bainari ya tarakimu 32 kuwa tarakimu za kumi, na jingine la kuipamba tayari kwa kuchapwa. Ziliweza pia kukokotoa kwa tarakimu za kumi tangu mwanzo hadi mwisho, jambo ambalo mhasibu yeyote atalishukuru. Sehemu moja ya kumi haiandikiki kikamilifu kwa bainari, kama vile theluthi isivyokwisha kwa desimali. Senti kumi zikizidishwa kwa akaunti milioni moja, upungufu mdogo huonekana kwenye mizania.

Hopper alistaafu jeshi mwaka 1966, akaitwa tena mwaka 1967, na hakuondoka moja kwa moja hadi mwaka 1986 akiwa na cheo cha admeri na umri wa miaka 79. Alifariki Januari 1, 1992. Aprili 2020, maombi ya posho za wasio na kazi yalipofurika wakati wa janga la korona, gavana wa jimbo la New Jersey alijitokeza hadharani kuomba msaada wa watu wanaojua COBOL.